Kiingereza na Mawasiliano katika Chuo cha Jamii Marekani: Mwongozo Kamili kwa Anayetoka Kwenye Kiswahili

Chuo cha jamii, au komyuniti koleji kama wengi wetu tunavyokiita, ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kikongwe kuliko vyote vya umma vilivyopo, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901. Leo viko zaidi ya elfu moja nchi nzima. Kuingia si kazi. Cheti cha sekondari au GED (mtihani unaochukua nafasi ya cheti hicho) kinatosha, na fomu unaijaza mtandaoni jioni moja. Ugumu unaanza ukishaingia: mtu aliyetoka Nakuru, Bukavu au kambi ya Nyarugusu anaweza kukaa mihula minne kwenye madarasa ya Kiingereza yasiyomhesabia hata krediti moja (kipimo cha uzito wa somo) ya shahada, huku ruzuku yake ikiisha.

Masomo mawili ndiyo yanayoamua mwendo wako: somo la insha na somo la kuhutubia. La insha linadaiwa karibu na kila fani, uuguzi na uhasibu zikiwemo. La kuhutubia linadaiwa na fani nyingi, na kwa anayesomea mawasiliano ndiyo msingi wenyewe.

1. Anza na chuo kikuu unachotaka kuhamia

Shahada ya miaka miwili ina krediti 60 hivi. Kabla hujachagua somo hata moja, amua kama unataka kuhamia chuo kikuu cha miaka minne au kuingia kazini moja kwa moja. Anayehamia achukue AA (shahada ya miaka miwili ya sanaa) au AS (ya sayansi). AAS imetengenezwa kwa ajili ya ajira, na krediti zake nyingi hukataliwa unapohama. Watu hugundua hili wakati wa mahafali, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Kisha tafuta namba za masomo. Texas insha ni ENGL 1301 na 1302, na hotuba ni SPCH 1315. Florida ni ENC 1101 na 1102, na hotuba ni SPC 2608. California imeanza mwaka 2025 kutumia namba za pamoja kwa vyuo vyote vya jamii: ENGL C1000 kwa insha, COMM C1000 kwa hotuba. Majimbo mengi yaliyobaki hutumia 101 na 102. Ukiwa California, tovuti ya ASSIST inaonyesha somo gani la chuo chako linapokelewa na chuo kikuu gani cha umma. Kwingineko, omba ofisi ya ushauri wa masomo ikupe makubaliano ya uhamisho yaliyoandikwa kati ya vyuo hivyo viwili. Neno la mdomo la mshauri halitoshi. Washauri hubadilika, karatasi inabaki.

Jambo moja linalowaponza wengi: kufaulu kwa D. Chuo chako kinaweza kukupa krediti, lakini kwa insha na hotuba chuo kikuu kwa kawaida kinataka C kwenda juu.

Anayesomea mawasiliano ataongeza mawasiliano baina ya watu, mawasiliano ya vikundi vidogo, mawasiliano ya tamaduni tofauti, na mara nyingi hoja na mdahalo. Uandishi wa habari huwa programu ya peke yake. Usijiandikishe mawasiliano ukidhani utafundishwa kutangaza redioni.

2. Vyeti na fedha

Cheti cha kidato cha nne, KCSE ya Kenya au Diplôme d'État ya Kongo hupelekwa kwenye kampuni ya kutathmini vyeti vya nje iliyo mwanachama wa NACES, chama cha kampuni hizo, kwa mfano WES au ECE. Uliza kwanza kama chuo chako kinahitaji tathmini ya jumla au ya somo kwa somo. Ya pili ni ghali zaidi, lakini ndiyo inayoweza kukupatia krediti za masomo ya chuo uliyosoma nyumbani.

Mwenye green card, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wamo katika makundi ya wasio raia wanaoruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Weka karibu I-94 (hati ya kuingia nchini) yenye muhuri au kadi yenyewe, kwa sababu ofisi ya fedha huomba uthibitisho. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafikia dola 7,395 kwa mwenye uhitaji mkubwa anayesoma mzigo kamili, na hupungua kadiri unavyochukua krediti chache. Hairudishwi kama mkopo, ila ina kikomo cha maisha cha mihula 12 ya mzigo kamili. Muhula wa ESL (madarasa ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine) unaolipiwa na Pell unakula hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo kama mji wako una ESL ya bure isiyo na krediti, kwenye kituo cha watu wazima au chuoni kwenyewe, malizia huko ngazi za chini na uihifadhi Pell kwa masomo ya shahada.

Mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, hapati Pell. Sheria yake ni krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, linalohesabiwa.

Wakongomani, Warundi na wengine waliosomea Kifaransa wana njia ya mkato ambayo wachache huitumia: mtihani wa Kifaransa wa CLEP, mfumo wa kupata krediti za chuo kwa mtihani bila kusoma somo. Vyuo vingi vinavyoukubali hutoa krediti kadhaa za lugha ya kigeni kwa alama 50 na kuendelea, kwa mtihani wa saa moja na nusu hivi. Kiswahili hakimo kwenye CLEP, lakini baadhi ya vyuo vikuu huwa na utaratibu wao wa kupima. Uliza huko unakohamia.

3. Mlango unaoingilia: hapa usikimbilie

Tangu kwenye fomu ya maombi, jihadhari na swali la lugha yako ya kwanza. Jibu ukweli, lakini fahamu kwamba katika vyuo vingine jibu hilo peke yake linakupeleka kwenye foleni ya ESL. Kama ulisoma sekondari kwa Kiingereza, peleka matokeo yako na uombe yatumike kukupangia kiwango badala ya mtihani. Wasipoombwa, hawatakumbuka.

Mtihani unaotumika sana ni ACCUPLACER. Mambo manne kuuhusu:

Hauna kikomo cha muda. Usikimbize. Mfanyakazi wa zamu ya usiku asiende kuufanya asubuhi akitoka kazini; panga siku ya mapumziko.

Ni wa kompyuta unaobadilika kulingana na majibu yako. Ukishathibitisha jibu huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo yale mazoea ya kuruka swali na kulirudia baadaye hayafanyi kazi.

Kuna toleo la kawaida na toleo la ESL. Uliza unapewa lipi kabla ya kuketi, kwa sababu alama za la ESL kwa kawaida zinakupeleka kwenye ngazi za ESL tu.

Sehemu ya kuandika, WritePlacer, inataka insha ya maneno 300 hadi 600, nayo husahihishwa na kompyuta kwa alama 1 hadi 8. Mashine hiyo inapima kama hoja inaonekana, aya zimepangwa, mifano imeelezwa na sentensi hazifanani zote. Aya nne zilizonyooka hushinda kurasa mbili za maelezo yanayozunguka. Ukimaliza, tenga dakika kumi kwa ajili ya vitenzi na nukta.

Matokeo yatakupeleka sehemu moja kati ya tatu: ESL, somo la insha lenyewe, au somo la insha pamoja na darasa la msaada linalokwenda sambamba nalo. Mfumo huu wa tatu ulipata umaarufu kutoka Community College of Baltimore County, ulikoanza mwaka 2007: badala ya kukaa mwaka mzima kwenye madarasa ya kurekebisha, unaingia somo la krediti moja kwa moja na kupata saa za ziada na mwalimu, mara nyingi yuleyule. California, kwa sheria ya AB 705 ya mwaka 2017, imelazimisha vyuo viwaweke wanafunzi kwenye somo la insha la krediti, isipokuwa vionyeshe kuwa uwezekano wa mwanafunzi huyo kufaulu ni mdogo sana.

Ushauri wetu: kama unaweza kusoma makala ya gazeti ya kurasa tatu na kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, hata wenye makosa, omba insha pamoja na darasa la msaada. Usikubali ngazi tatu za ESL kwa sababu tu ya lafudhi yako au aibu ya kuuliza. Lakini kama usomaji wenyewe bado ni wa neno kwa neno kwa kamusi, ESL ndiyo mahali pako, na kuiruka ni kununua F. Ukiona umepangwa chini, una haki ya kuomba kurudia mtihani au kupinga upangaji. Fomu ipo, ila haiwekwi mezani.

4. Saa, silabasi na desturi za darasani

Somo la krediti 3 lina takriban saa 3 za darasa kwa wiki, na kanuni ya kawaida ni saa 2 za kazi ya nyumbani kwa kila saa ya darasa. Krediti 12 maana yake saa 36. Anayefanya kazi saa 40 ghalani au hospitalini achukue krediti 6 hadi 9. Usiweke insha na hotuba kwenye muhula mmoja wa kwanza. Anza na insha, kwa sababu hotuba inataka utafiti na mpangilio uleule.

Wiki ya kwanza chapisha silabasi, yaani hati ya mpango na kanuni za somo. Tia alama kwenye tarehe za kuwasilisha, adhabu ya kuchelewa, idadi ya kukosa darasa inayoruhusiwa, na kanuni ya matumizi ya akili mnemba. Silabasi ndiyo mkataba wenu, profesa hatakumbusha.

Mwite Professor na jina lake la ukoo, si Teacher wala Madam. Kwenye barua pepe andika namba ya somo kwenye kichwa cha habari, jina lako kamili, na swali katika sentensi ya kwanza. Salamu ndefu za hali na familia humchosha anayesoma barua mia. Na ule ukimya tuliofunzwa kuwa ni adabu mbele ya mwalimu, huku husomwa kama hujasoma kazi ya nyumbani. Alama za ushiriki huwa sehemu ya matokeo, kwa hiyo andaa swali moja kabla ya kila kipindi na uliulize mapema, kabla mjadala haujapita.

5. Insha: namna ya kuijenga

Anza na maelekezo. Tafuta kitenzi. Kufupisha ni kazi moja, kuchambua ni nyingine, kutoa hoja ni ya tatu. Kosa linaloongoza kwa kuwapa watu D ni kusimulia upya makala waliyopewa wakati walitakiwa kuichambua.

Andika hoja kuu katika sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga. "Simu zina faida na hasara" si hoja, kwa sababu hakuna atakayebisha. "Shule zizuie simu wakati wa vipindi tu, si siku nzima, kwa sababu wanafunzi wanaolea wadogo zao wanahitaji kupatikana" ni hoja: ina msimamo, mpaka na sababu. Hoja hiyo iwe mwishoni mwa aya ya kwanza. Insha tulizofundishwa shuleni huanza mbali, kwa methali na maelezo ya jumla, kisha zinafika. Msomaji wa Kimarekani asipoiona hoja ukurasa wa kwanza huamua kwamba haipo.

Unaweza kupanga hoja zako kwa Kiswahili. Wengi hufikiri haraka zaidi hivyo. Usiandike insha nzima kwa Kiswahili kisha ukaipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Kinachotoka huwa laini mno na hakifanani na maandishi yako ya darasani, na katika vyuo vingi kinahesabiwa kama msaada usioruhusiwa. Andika ndani ya Google Docs au Word inayohifadhi historia ya mabadiliko. Ukituhumiwa kwamba umeandikiwa, historia hiyo ndiyo utetezi wako.

Kila aya iwe na dai, ushahidi, na maelezo. Maelezo yawe marefu kuliko nukuu. Kipimo kizuri ni mara mbili. Aya inayofungwa na nukuu imeachwa njiani.

Vyanzo vitafute kwenye hifadhidata za maktaba ya chuo, kama JSTOR au Academic Search, na umwombe mkutubi nusu saa. Andika marejeo papo hapo unapochukua dondoo. Kesi nyingi za wizi wa maandishi si wizi wa makusudi: ni daftari ambalo lilichanganya maneno ya mwandishi na ya mwanafunzi bila alama za nukuu.

Madarasa ya insha hutumia MLA, mtindo wa kupanga maandishi na kutaja vyanzo: herufi za Times New Roman 12, nafasi mbili kati ya mistari yote, pambizo inchi 1, mstari wa kwanza wa aya ukiingia ndani nusu inchi, jina la ukoo na namba ya ukurasa juu kulia. Orodha ya marejeo hufuata alfabeti, na mstari wa pili wa kila rejeo unaingia ndani nusu inchi. Masomo ya mawasiliano mara nyingi hutaka APA, mtindo mwingine wa aina hiyo, wenye ukurasa wa jalada na mwaka wa chapisho ndani ya maandishi. Usichanganye.

Peleka rasimu kwenye kituo cha uandishi angalau siku mbili kabla, pamoja na karatasi ya maelekezo. Hawasahihishi sarufi mstari kwa mstari. Sema unachotaka: "Nionyeshe mahali hoja inapopotea." Ukiwasilisha mtandaoni, pakia faili ya Word au PDF. Kiungo cha Google Docs kilichofungwa huhesabiwa kama kazi haijaletwa, na saa 5:59 usiku ni dakika ya mwisho kweli.

6. Makosa yanayotoka kwenye Kiswahili chetu

Walimu wa Kiingereza huyaona haya bila kujua yanatoka wapi, kwa hiyo ni bora uyajue mwenyewe.

Kiswahili hakina *a* na *the*. Kanuni ya kuanzia: nomino ya umoja inayohesabika haisimami uchi. Kabla ya kuwasilisha, zungushia kila nomino ya umoja uone kama ina kitu mbele yake.

Kitenzi chetu hubeba kiambishi cha mtenda, ndiyo maana tunaandika *My brother he works*. Futa *he*. Vilevile yeye wetu hana jinsia, na *he* na *she* huchanganyika hata kwa wanaoongea vizuri.

Tukianza simulizi kwa -li-, tunaendelea na -ka- bila kurudia wakati. Kwa Kiingereza kila kitenzi kinabeba wakati wake. Na kwa mazoea hayohayo ya kuunganisha matukio, tunashonea sentensi kamili kwa mkato. Profesa huliita kosa kubwa. Weka nukta au kiunganishi.

*Informations*, *advices*, *equipments* na *homeworks* hazipo. *Discuss about* haipo pia. Tahajia ya Kiingereza cha Uingereza tuliyosomea kwa kawaida huvumiliwa ikiwa ni ileile mwanzo hadi mwisho, ila nukta na mkato huku hukaa ndani ya alama za nukuu.

Weka daftari la makosa. Kila insha ikirudi, andika aina tatu zilizojirudia. Insha inayofuata ipitie mara tatu, kila mara ukisaka aina moja tu, ukianzia sentensi ya mwisho kwenda ya kwanza ili maana isikubebe.

7. Somo la kuhutubia

Hotuba nyingi ni za dakika 5 hadi 7, na kupitiliza hukatwa alama. Kwa mwendo wa maneno 130 hadi 150 kwa dakika, dakika tano ni maneno 650 hadi 750. Hoja mbili au tatu zinatosha. Utangulizi uchukue kama sehemu ya kumi, hitimisho pungufu ya hapo.

Usikariri neno kwa neno. Aliyekariri akisahau neno moja husimama kabisa, kwa kuwa kila sentensi inaitegemea iliyotangulia. Usisome karatasi pia. Tumia kadi tatu hadi tano za inchi 4 kwa 6, zenye maneno ya kukumbusha tu, takwimu, na majina ya vyanzo. Vyanzo hutajwa kwa mdomo: nani kasema, ana sifa gani, wapi, mwaka gani. Wengi hupoteza alama hapa ingawa orodha yao ya marejeo imekamilika.

Hotuba ya ushawishi mara nyingi hufuata mpango wa Alan Monroe wa Chuo Kikuu cha Purdue: vuta usikivu, onyesha tatizo, toa suluhisho, fanya wasikilizaji waione hali ikitekelezwa na isipotekelezwa, kisha waambie wafanye nini. Hatua ya nne ndiyo inayorukwa.

Lafudhi si kosa, na mwalimu mzuri haipimi. Anachopima ni kueleweka, na kinachotuangusha zaidi ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza huhamisha: *PHOtograph*, *phoTOGraphy*, *photoGRAphic*. Tafuta kwenye kamusi yenye sauti maneno kumi makuu ya hotuba yako na uyaandike kwenye kadi silabi yenye mkazo ikiwa kwa herufi kubwa. Kisha angalia irabu tunayoongeza mwishoni mwa neno linaloishia na konsonanti, na *r* na *l* kwa wale ambao lugha ya nyumbani huzichanganya.

Kutazamana machoni huhesabiwa. Kama umelelewa kutomkazia macho mkubwa, chagua watu watatu, kushoto, katikati na kulia, na umalize sentensi nzima kwa kila mmoja. Jirekodi kwa simu ukiwa umesimama. Mazoezi ya kukaa kitini hayafundishi mikono wala pumzi.

Somo la hotuba la mtandaoni huwa na masharti yake: mara nyingi lazima hadhira ya watu wazima kadhaa ionekane kwenye video, bila kuikata popote. Baadhi ya vyuo vikuu havilipokei kabisa, kwa hiyo thibitisha kabla ya kulipa.

8. Mambo yakiharibika

Kuna tarehe ya kuacha somo bila alama wala deni, na nyingine baadaye ya kujitoa kwa W, alama inayoonyesha kwamba ulijitoa. Ziko kwenye kalenda ya chuo. W haishushi GPA (wastani wa alama zako), lakini inahesabika kwenye kipimo cha maendeleo cha ofisi ya fedha, ambacho katika vyuo vingi ni kukamilisha asilimia 67 ya krediti ulizojaribu na kuwa na GPA 2.0. Ukitoweka bila kujitoa unapata F, na chuo kinaweza kukudai sehemu ya Pell. Ukiugua au kufiwa, andika rufaa kwa ofisi ya fedha ukiambatanisha hati, na ueleze kilichobadilika tangu hapo. Rufaa inayolalamika tu hukataliwa.

Hifadhi silabasi ya kila somo kama PDF hata baada ya kufaulu. Chuo kikuu kisipolitambua somo lako la insha au hotuba, hiyo ndiyo hati watakayoiomba kwanza, na mwalimu wako huenda ameshahama.